Hervé Renard: beki wa madaraja ya chini, mataji mawili ya Afrika

Kila kocha wa kigeni anapotua Dar es Salaam na kuvishwa skafu uwanja wa ndege, swali la kwanza mitandaoni ni lilelile: huyu alichezea wapi? Ikitajwa klabu kubwa ya Ulaya, watu wanatulia. Ikitajwa klabu ambayo hata mtangazaji anahangaika kuitamka, zogo linaanza. Mimi kila nikilisoma swali hilo namkumbuka Mfaransa mmoja ambaye majibu yake yasingemridhisha shabiki yeyote wa Simba wala Yanga. Alichezea Cannes, lakini hakuwahi kung'ara. Akaenda Stade de Vallauris. Akamalizia SC Draguignan. Kisha akatundika daluga, na riziki yake ikawa kutoa mapipa ya taka.

Ni Hervé Renard. Ndiye kocha wa kwanza kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika akiwa na nchi mbili tofauti. Aliirudisha Moroko Kombe la Dunia baada ya miaka 20. Aliifunga Argentina ya Messi akiwa na kikosi ambacho hakikuwa na mchezaji hata mmoja anayecheza Ulaya. Lakini ukimweka kwenye klabu, mara nyingi hamalizi msimu. Nimemfuatilia kwa miaka mingi, na ninachoamini ni kwamba ukocha wa timu ya taifa una ufundi wake wa peke yake, na kwamba Renard aliupata ufundi huo kule kule ambako watu wangeona ni aibu kupataja.

Alizaliwa tarehe 30 Septemba 1968 Aix-les-Bains, mji wa Savoie, mashariki mwa Ufaransa. Akiwa kijana aliingia AS Cannes, akakaa hapo hadi 1990. Alikuwa beki. Miaka hiyohiyo Cannes ilikuwa inamlea kijana mwingine kutoka Marseille, Zinedine Zidane, aliyecheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu mwaka 1989. Kila anayeandika habari za Renard hulitaja hilo, na nadhani wengi hulitaja kwa sababu isiyo sahihi, kana kwamba kukaa jirani na Zidane kulimwambukiza kitu. Mimi naona kinyume chake. Beki wa umri wa miaka 20 anayemwona kijana wa miaka 16 au 17 akifanya vile na mpira mazoezini anajua mapema kipaji ni nini, na anajua yeye hanacho. Kuanzia hapo inambidi atafute namna nyingine ya kuwa na maana uwanjani: kusimama mahali sahihi, kupiga kelele kwa wakati, kumsoma mwenzake kabla hajakosea.

Vallauris alikaa miaka sita, Draguignan mwaka mmoja, na mwaka 1998 akaacha kucheza akiwa hajafika hata miaka 30. Hakuwa na akiba ya kumfanya akae nyumbani. Akaanza kazi ya usafi kwenye majengo ya makazi huko kusini mwa Ufaransa. Anaamka usiku wa manane, anapita jengo baada ya jengo akitoa mapipa barabarani kabla magari ya taka hayajafika, anasafisha ngazi na korido, na jioni anakwenda mazoezini, kwa sababu Draguignan ndiyo timu aliyoanzia ukocha mwaka 1999. Baadaye akafungua kampuni yake ya usafi. Hadithi hii amekuwa akiisimulia mwenyewe bila kuona haya, na hajawahi kuipamba. Nadhani inaeleza mengi kuhusu namna anavyoongea na wachezaji. Mtu aliyezunguka na mapipa alfajiri kwa miaka akiwa na ndoto kichwani haogopi kumwambia mchezaji wa milioni nyingi kwamba leo hakukimbia.

Aliyemtoa huko ni Claude Le Roy, mzee aliyeipa Cameroon taji la Afrika mwaka 1988. Le Roy alimchukua kama msaidizi Shanghai Cosco, China, mwaka 2002, wakaenda wote Cambridge United ya Uingereza mwaka 2004. Huko Renard alikabidhiwa timu na kabla mwaka haujaisha akatupiwa virago, timu ikiwa mkiani mwa daraja la nne. Akapita Vietnam, akarudi Ufaransa kuinoa AS Cherbourg ya madaraja ya chini. Kwenye karatasi ilikuwa safari ya mtu anayezama. Kisha mwaka 2007 Le Roy akamwita tena, safari hii kwenye benchi la Ghana, na mwanzoni mwa 2008 wakamaliza nafasi ya tatu kwenye fainali za Afrika zilizochezwa Ghana kwenyewe.

Mwaka huohuo Zambia ikampa timu ya taifa. Hebu tujiulize kwa uaminifu: sisi tungempa? Kocha aliyefukuzwa daraja la nne Uingereza, aliyewahi kufundisha Vietnam, mwenye kumbukumbu ya Draguignan? Najua jibu, na nadhani msomaji naye analijua.

Watanzania tulikutana naye mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Mwezi Februari 2009, kwenye fainali za kwanza za CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, kule Ivory Coast, Taifa Stars ya Marcio Maximo ilikuwa kundi moja na Zambia ya Renard. Tulikuwa tumewafunga wenyeji bao 1-0. Mechi ya mwisho tulitangulia mbele ya Zambia kwa penalti ya Shadrack Nsajigwa, mechi ikiwa inaelekea ukingoni, na kule nyumbani watu wameshaanza kupanga nusu fainali. Zambia wakasawazisha dakika za lala salama. Ikawa 1-1, sisi tukafungasha, wao wakasonga na kumaliza mashindano wakiwa wa tatu. Wakati ule tuliita bahati mbaya. Nikiangalia nyuma naona timu ambayo haikuacha kusukuma hadi filimbi ya mwisho, na sura hiyo iliendelea kujirudia kila mahali alipokwenda Renard na shati lake jeupe.

Mwaka uliofuata, Angola 2010, Zambia iliongoza kundi lililokuwa na Cameroon, Gabon na Tunisia, ikatolewa na Nigeria kwa matuta kwenye robo fainali. Baadaye mwaka huo Renard akaondoka kwenda kuifundisha Angola, akakaa miezi michache, akapita USM Alger ya Algeria. Wazambia wengi walichukia alivyoondoka. Mwezi Oktoba 2011, shirikisho lilipoachana na Mwitaliano Dario Bonetti muda mfupi tu baada ya kuifikisha timu fainali za Afrika za 2012, na likamrudisha Renard, kelele zilikuwa kubwa.

Sasa nifike 2012, na hapa nitakaa kidogo.

Usiku wa tarehe 27 Aprili 1993, ndege ya Jeshi la Anga la Zambia ilikuwa imebeba timu ya taifa kuelekea Dakar, kucheza na Senegal kuwania nafasi ya Kombe la Dunia. Ilitua Libreville, Gabon, kujaza mafuta. Muda mfupi baada ya kuruka ikaanguka baharini. Watu wote 30 waliokuwamo walikufa, 18 kati yao wakiwa wachezaji. Kocha Godfrey Chitalu, mfungaji mkubwa kuliko wote katika historia ya nchi ile, alikuwa ndani. Kalusha Bwalya alinusurika kwa kuwa alikuwa Uholanzi akiichezea PSV, na alipangiwa kwenda Dakar kutokea huko. Kalusha huyohuyo ndiye aliyekuwa rais wa shirikisho la soka la Zambia mwaka 2012.

Fainali za 2012 ziliandaliwa na Gabon pamoja na Guinea ya Ikweta. Ratiba iliiweka Zambia upande wa Guinea ya Ikweta: makundi huko, robo fainali huko, nusu fainali huko. Mahali pekee ambapo wangekanyaga Libreville ni kwenye fainali. Renard aliiona ratiba hiyo na akaigeuza kuwa hoja. Aliwaambia vijana wake na akawaambia waandishi: tuna jambo la kufanya Libreville. Kuna makocha wangeogopa kuligusa kaburi la watu. Yeye hakuligeuza kuwa tamthilia. Alilifanya kuwa anwani ya mwisho wa safari, na kila mechi ikawa kituo cha kufikia hapo.

Wakawafunga Senegal 2-1 siku ya kwanza, Senegal ambayo wachambuzi wengi waliipa nafasi kubwa. Wakatoka 2-2 na Libya kwenye uwanja uliojaa maji ya mvua, wakawafunga wenyeji Guinea ya Ikweta 1-0. Katikati ya mashindano akamfukuza kambini Clifford Mulenga, aliyevunja amri ya kambi na kukataa kuomba radhi. Wenzake waliohusika waliomba radhi, wakabaki. Robo fainali Sudan walikula 3-0. Nusu fainali, Ghana. Dakika za mwanzo tu Asamoah Gyan akapewa penalti, Kennedy Mweene akaipangua, na dakika ya 78 Emmanuel Mayuka, aliyetokea benchi, akafunga bao moja la shuti kali. Zambia wakapanda ndege kwenda Libreville. Kabla ya fainali wakaenda ufukweni, wakaweka maua, wakaimba. Kalusha alikuwa nao.

Fainali ile, tarehe 12 Februari 2012, niliiangalia Tunduma, mpakani kabisa, kwenye kibanda umiza chenye luninga mbili na jenereta nje. Nusu ya waliokuwamo walikuwa wamevuka kutoka Nakonde. Ivory Coast walikuwa na Drogba, Yaya Touré, Gervinho, Kolo Touré, na hawakuwa wameruhusu bao hata moja mashindano yote. Kabla robo saa haijaisha beki wa kushoto wa Zambia, Joseph Musonda, akaumia, akatoka analia. Dakika ya 70 Drogba akapaisha penalti juu ya lango. Kibandani watu walirukiana. Ikafika dakika 90, ikafika 120, bila kwa bila.

Matuta yalipoanza, ilishapita saa sita usiku kwetu. Kando yangu alikaa mzee mmoja wa Nakonde, dereva wa malori mstaafu, ambaye tangu mwanzo nilikuwa namwamkia shikamoo kila nikirudi kutoka nje. Alikigeuzia kioo mgongo. Alikataa kutazama. Kila mpigaji aliposogea alikuwa ananishika mkono na kuniuliza, "Kaingiza, mwanangu?" nami namjibu, na yeye anaitikia kwa kichwa bila kugeuka. Katongo kaingiza, mzee. Mayuka kaingiza. Hata kipa, Mweene, kaingiza. Kolo Touré akakosa, kaipangua Mweene. Kwa hiyo sasa ni sisi? Ndiyo, mzee, Kalaba anapiga. Kalaba akapaisha. Nilishindwa kumwambia, na akajua kwa ukimya wangu. Gervinho naye akakosa. Kwenye luninga wachezaji wa Zambia walikuwa wameshikana, wanaimba. Stoppila Sunzu, beki wa kati, akatembea kwenda kwenye mpira. Hakuuliza tena. Aligeuka mwenyewe, akatazama.

Mabao 8 kwa 7. Watu walimwagika barabarani, upande wetu na upande wao, na maafisa wa mpaka hawakuwa na habari na mtu.

Huku nje tukishangilia, ndani ya uwanja Renard alifanya jambo lililopigwa picha na kila mtu. Alimwendea Musonda, yule beki aliyetoka analia, aliyekuwa hawezi kutembea vizuri, akamnyanyua mikononi, akambeba hadi katikati ya wenzake waliokuwa wanashangilia. Beki alimbeba beki mwenzake. Niliiona picha ile asubuhi yake na sijawahi kuona picha nyingine inayoeleza vizuri zaidi anachofundisha.

Kuna kipande cha Kiswahili ndani ya taji lile ambacho hakisemwi vya kutosha. Mabeki wawili wa kati wa Zambia, Sunzu na Hichani Himoonde, pamoja na Rainford Kalaba, walikuwa wachezaji wa TP Mazembe ya Lubumbashi, mji wa Kongo unaozungumza Kiswahili. Hao ndio waliokuwa wakishiriki chumba cha kubadilishia nguo na Mbwana Samatta, aliyehamia huko kutoka Simba mwaka 2011. Kusema hivyo si kumpunguzia Renard sifa. Ni kueleza kwamba mabeki wake wa kati walikuwa wamezoeana tayari wiki hadi wiki, wanaongea lugha za mji mmoja, wanajua nani anatoka na nani anabaki. Kocha wa taifa anayejua kazi yake hachagui wachezaji 11 bora. Anachagua uhusiano uliokwisha kujengwa na mwingine, anauingiza kwenye timu yake kama ulivyo.

Mwezi Desemba mwaka huohuo mabingwa walikuja Dar es Salaam kwa mechi ya kirafiki na Mrisho Ngassa akawafunga, 1-0. Mwanzoni mwa 2013, Afrika Kusini, walitoka sare mechi zote tatu wakaaga mashindano kwenye makundi. Moto wa Libreville ulikuwa umezimika, na Renard akaondoka.

Sasa sehemu ya klabu, ambayo haina mengi. Oktoba 2013 Sochaux, iliyokuwa mkiani ligi kuu ya Ufaransa, ilimwita. Akaipandisha pandisha hadi siku ya mwisho, ambapo ushindi nyumbani dhidi ya Evian ungeiokoa. Wakafungwa 3-0, wakashuka daraja. Lille walimchukua majira ya joto ya 2015, Novemba wakamtimua. Ukijumlisha Cambridge unapata picha isiyopendeza, na wapinzani wake huishika hiyo. Lakini klabu inataka kocha anayejenga taratibu, anayesajili, anayevumilia wiki 40 za kurudia mambo yaleyale. Renard kazi yake inahitaji moto wa muda mfupi, kundi lenye bendera moja na kidonda kimoja. Huwezi kumwomba mchezaji wa Lille akacheze na Troyes kwa ajili ya wafu wa nchi yake.

Katikati ya hizo klabu mbili kuna Ivory Coast. Alikabidhiwa timu mwaka 2014, Drogba akiwa amestaafu, kizazi cha dhahabu kikiwa kimeshindwa mara tano mfululizo kuchukua kombe. Hapo shida ilikuwa tofauti na ya Zambia: vipaji vilijaa, imani hakuna. Dawa yake ilikuwa ya kibeki. Akaweka mabeki watatu wa kati, Kolo Touré na vijana Eric Bailly na Wilfried Kanon, akakubali timu icheze kwa uzito kuliko kwa uzuri. Wakaanza fainali za 2015 kwa sare mbili za 1-1, wakawafunga Cameroon 1-0, wakawatoa Algeria, kisha nusu fainali wakawafunga Wakongo wa Florent Ibenge 3-1. Fainali ilikuwa Bata, tarehe 8 Februari 2015, dhidi ya Ghana. Bila kwa bila tena. Matuta tena.

Ivory Coast walikosa penalti mbili za mwanzo. Timu yoyote ile ingeisha hapo, hasa hiyo. Langoni alisimama Boubacar Barry, kipa wa akiba aliyeingizwa fainali baada ya Sylvain Gbohouo kuumia, mtu ambaye mashabiki wa nchi yake walikuwa wamemtukana kwa miaka. Wapigaji wa ndani wakaisha wote, ikabaki makipa. Barry akaidaka penalti ya kipa wa Ghana, Razak Braimah, baada ya kugaagaa chini kwa mkazo wa misuli. Kisha akaamka, akaenda kupiga ya kwake, akafunga. Mabao 9 kwa 8. Taji la kwanza kwa nchi ile tangu 1992, ambako pia waliwafunga Ghana kwa matuta.

Moroko walimpata mwaka 2016. Pale alijenga kitu ambacho watu walikuja kukiona matunda yake baadaye mikononi mwa wengine: nidhamu ya kukaba. Hatua ya mwisho ya kufuzu Kombe la Dunia la 2018 Moroko hawakuruhusu bao hata moja katika mechi sita, na walikata tiketi Abidjan, kwa kuwafunga 2-0 Ivory Coast, wachezaji wake wa jana. Urusi kwenyewe kulikuwa kuchungu. Walitawala mechi ya Iran wakafungwa kwa bao la kujifunga la Aziz Bouhaddouz dakika za nyongeza, wakafungwa 1-0 na Ureno mechi ambayo walistahili sare, wakatoka 2-2 na Hispania. Mwaka 2019, Misri, walishinda mechi zote za makundi 1-0, halafu Hakim Ziyech akagonga mwamba kwa penalti ya dakika za majeruhi dhidi ya Benin, wakatolewa kwa matuta. Matuta yaliyompa mataji mawili yalikuja kudai chake. Renard akajiuzulu.

Saudi Arabia ndipo dunia nzima ilipomjua. Tarehe 22 Novemba 2022, Uwanja wa Lusail, Qatar. Argentina hawajafungwa mechi 36. Messi anafunga penalti dakika ya 10, na watu wanaanza kuhesabu yatakuwa mangapi. Nawaomba mliobaki na kumbukumbu ya mabao mawili tu mkaitafute tena mechi ile na kutazama kipindi cha kwanza, mkiwatazama mabeki wa Saudia peke yao.

Wamesimama karibu na mstari wa katikati. Wote wanne, wamenyooka. Nyuma yao kuna nusu ya uwanja ambayo haina mtu isipokuwa kipa Mohammed Al-Owais. Kila De Paul au Paredes anapoinua kichwa atafute pasi, Hassan Tambakti na Ali Al-Bulaihi wanapiga hatua moja mbele, kwa pamoja. Si mbili. Washambuliaji wa Argentina wanaachwa nyuma, bendera inapanda. Messi anafunga, ameotea. Lautaro Martínez anafunga, ameotea kwa bega. Anafunga tena, ameotea. Kipindi cha kwanza peke yake waliotea mara saba. Beki mmoja akichelewa kidogo mara moja tu, ni 2-0 na mechi imekwisha. Unahitaji moyo wa ajabu kuendelea kupiga hatua ile baada ya kuona nyavu zako zinatikisika mara nne, hata kama mabao matatu yamefutwa.

Kikosi kile chote, wachezaji 26, kilitoka ligi ya ndani, na wengi Al-Hilal na Al-Nassr. Ni yaleyale ya Zambia na wachezaji wake wa Mazembe, kwa ukubwa zaidi: watu waliozoeana. Mstari wa kuotea kama ule haufundishwi kwa siku tatu kwa watu wanaokutana kutoka nchi kumi.

Video ya mapumziko iliyosambaa baadaye inamwonyesha amefura, anazungumza Kiingereza, mkalimani anakimbizana naye kwa Kiarabu. Anawaambia Messi anapokea mpira katikati na ninyi mmesimama mnatazama. Kama mnataka, chukueni simu mpige naye picha. Watu waliicheka sentensi ile. Mimi niliisikia kama sauti ya beki wa Vallauris anayemkaripia kiungo aliyekataa kushuka kukaba. Dakika ya 48 Saleh Al-Shehri akasawazisha, dakika ya 53 Salem Al-Dawsari akawazungusha watu na kuukunja mpira kona ya mbali. 2-1. Kesho yake Saudi Arabia nzima ilipewa mapumziko. Wakafungwa na Poland na Mexico wakarudi nyumbani, lakini Argentina, mabingwa wa mwaka ule, walipoteza mechi moja tu Qatar, na waliipoteza kwake.

Machi 2023 akafanya jambo ambalo makocha wa hadhi yake hawalifanyi. Alikubali kuifundisha timu ya wanawake ya Ufaransa, iliyokuwa imevunjika baada ya nahodha Wendie Renard, ambaye si ndugu yake, kusema hatacheza Kombe la Dunia chini ya kocha aliyekuwapo. Wendie akarudi, na Julai, Brisbane, alifunga kwa kichwa bao la ushindi dhidi ya Brazil. Hatua ya mtoano Hervé akakutana na Moroko, akashinda 4-0. Robo fainali dhidi ya wenyeji Australia ilikwenda bila bao, na mwishoni akamtoa kipa wake na kumwingiza Solène Durand kwa ajili ya matuta. Walipiga kumi kila upande, Australia wakashinda 7-6. Olimpiki ya Paris, 2024, Brazil wakawatoa robo fainali. Hakufika alikotaka, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Kipindi hichohicho, Januari 2024, Ivory Coast walikuwa wenyeji wa fainali za Afrika, wamefungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, wamemfukuza kocha katikati ya mashindano. Wakaomba Ufaransa iwaazime Renard kwa wiki chache. Ufaransa ikakataa. Wakamkabidhi timu msaidizi, Emerse Faé, naye akatwaa kombe. Faé anastahili kila sifa. Ila ombi lile lilinigusa: nchi nzima ikiwa imezama, jina lililokuja kichwani ni la beki wa Draguignan.

Oktoba 2024 Saudi Arabia walimwita tena kumrithi Roberto Mancini, bingwa wa Ulaya na Italia, mchezaji mkubwa enzi zake, mtu ambaye swali la alichezea wapi lisingemsumbua hata kidogo. Timu ilikuwa imeyumba kwenye mechi za kufuzu. Renard hakufanya miujiza. Walikosa nafasi ya moja kwa moja, wakalazimika kupita mchujo wa ziada. Oktoba 2025, Jeddah, waliwafunga Indonesia 3-2, kisha siku chache baadaye wakahitaji tu kutofungwa na Iraq. Dakika za mwisho kabisa Iraq wakapata faulo nje ya boksi, kipa Nawaf Al-Aqidi akaitoa. Mechi ikaisha bila bao, na kwa sare hiyo ya 0-0 Saudi Arabia wakafuzu Kombe la Dunia la 2026.